Kuanzia Leo Mmewezeshwa

Mimi kuulizwa hakunisumbui. Jeshini nimeulizwa maswali kwa miaka ishirini na mbili, mengi yalikuwa ya kijinga, na yote niliyajibu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nina hasira. Hasira ninazo, lakini si za maswali.

Jina langu ni Lwitiko. Kwetu ni Mbeya, ila nimekaa Sumbawanga tangu nilipostaafu nikiwa sajenti, na hapa wananiita Afande hata kanisani. Nina mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, kando ya barabara iendayo Matai, na wafanyakazi sita. Kwa miaka saba kila siku ya kazi ilianza namna moja. Saa moja kamili naingia. Umeme upo, mahindi yapo, akina mama wamepanga foleni na ndoo zao. Beda, ambaye ndiye mwendesha mashine, anakuja kusimama mbele yangu.

"Afande, tuwashe?"

"Washa."

Akitoka Beda anakuja Cornelia wa mizani. Huyu ni mama mtu mzima, Mfipa wa vijiji vya Matai huko, na haongei kwa haraka. "Afande, tuanze kupima?" Pimeni. Kisha Abel wa gari. "Afande, pumba zipakiwe?" Zipakiwe. Ikifika saa nne nimeshaulizwa mara ishirini, na hakuna swali hata moja ambalo mtoto wa darasa la pili angeshindwa kulijibu.

Nililalamika kila mahali. Kwa kinyozi, kwa mchungaji, kwa jirani mwenye duka la vifaa: wale watu bila mimi hawawezi hata kufungua mlango. Nililalamika kama mama anavyolalamika kwamba mwanawe anakula sana.

Sasa, habari ya jicho. Miaka miwili iliyopita daktari alinipima akasema jicho la kushoto lina presha. Presha ya macho haiumi, akasema, inakula jicho kimyakimya, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Nilitakiwa kwenda Mbeya kufanyiwa operesheni, kisha nikae wiki tatu bila vumbi, bila kuinama na bila kubeba kitu. Nikamwambia nitakwenda mavuno yakipita. Tatizo la Ufipa ni kwamba mavuno hayapiti. Mahindi yakitulia wanaleta ulezi, ulezi ukitulia kuna mtu aliyeficha mahindi akisubiri bei. Na hiyo mashine ningemwachia nani? Watu wanaouliza kama wawashe? Akanipa dawa ya matone. Nikawa naitia nikikumbuka.

Wafanyakazi niliwaambia kwamba nina kijambo kidogo cha macho, kwamba ingebidi nisafiri lakini siwezi kuwaacha. Sajenti hatangazi ugonjwa wake mbele ya kikosi.

Mwaka huu mwezi wa tano nilifika kazini nikakuta mzee amesimama mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Nikamwamkia tena, kwa sauti ya paredi. Kimya. Nikaanza kumweleza kwamba umri si ruhusa ya kukosa adabu. Cornelia akaja taratibu, akasimama karibu yangu.

"Afande," akasema, "hilo ni turubai. Tumelianika."

Hakuna aliyecheka. Kwa hilo nawasifu. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu, na mke wangu Suma, ambaye ni karani halmashauri na anajua kutunza kumbukumbu, alinisubiri mezani na karatasi ya daktari ya miaka miwili iliyopita.

"Baba Brightness," akasema, "sikio la kufa halisikii dawa. Na jicho naona ni hivyo hivyo."

"Mavuno yakipita."

"Jicho halina msimu. Mwezi wa saba unakwenda. Nimeshaongea na Brightness, chumba kipo."

Brightness ni binti yetu, anafundisha Mbeya. Kwa hiyo nilipewa wiki saba kuwafundisha watu sita kuishi bila mimi. Nimeshawahi kupewa kuruta mia na ishirini na miezi minne, na sikuogopa vile.

Lazima nieleze kwamba uongozi si kitu kigeni kwangu. Jeshini amri inashuka, jibu linapanda, basi. Nilipostaafu nilifundisha mpira, timu ya kata yetu, na huko nako nilitumia njia hiyo hiyo. Nina sauti. Mpira ukienda kulia naita kulia, ukienda kushoto naita kushoto, mchezaji hana haja ya kujisumbua na mawazo. Tukafika fainali, tukacheza na watu wa Kate. Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, niliona hatari inakuja nikaita, "Mabeki!" Mabeki wote wanne wakageuka kunitazama. Mpira ukapita katikati yao taratibu. Kipa naye alikuwa ananitazama. Baada ya mechi niliwapanga mstari nikawaeleza makosa yao.

Wiki ile ile ya turubai kulikuwa na semina ya uongozi kwa wafanyabiashara, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Mwezeshaji alitoka Dar, kijana mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo. Alisema kiongozi bora ni yule ambaye akiondoka kazi haitetereki. Alisema tuwawezeshe watu wetu, tuwaachie maamuzi. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama yeye amewahi kuongoza mtu yeyote. Akasema anaongoza semina. Watu wakapiga makofi, sijui kwa nini. Lakini lile neno la kazi kutotetereka lilinikaa, maana nilikuwa nalihitaji. Nikapewa cheti.

Siku ya pili yake saa moja kamili niliwapanga wafanyakazi mstari mmoja mbele ya mashine.

"Kuanzia leo mmewezeshwa," nikawaambia. "Kila mtu ataamua mambo ya sehemu yake. Hakuna kuniuliza. Hii ni amri. Kuna swali?"

Wakatazamana. "Hapana, afande."

"Tawanyikeni."

Wakatawanyika. Beda akazunguka gunia moja, akarudi. "Afande, tuwashe?"

"Amua mwenyewe."

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Nimeamua tuwashe, afande."

"Vizuri."

"Tuwashe?"

Hapo nilitamka maneno ambayo mchungaji hayajui. Ikawa hivyo wiki nzima. Cornelia akaacha kuuliza kama apime, akaanza kunijulisha kwamba anafikiria kupima, kisha anasimama kusubiri niseme kitu. Abel alinipigia simu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Wiki ya tatu nikaamua kuwavizia. Niliwaaga kwamba nakwenda benki, nikazunguka nyuma, nikajificha kwenye stoo ya pumba, kati ya magunia, kwenye upenyo wa kuonea kila kitu kwa jicho la kulia. Nilijua nini kingetokea: wangesimama kama ng'ombe kwenye mvua. Lakini kazi ilikwenda. Gari la mahindi kutoka Ilemba liliingia, likapimwa, likashushwa, mahindi machafu yakakataliwa, na yule mwenye mzigo alipotaka ubishi Cornelia alimjibu maneno matatu akanyamaza. Nilifurahi sana. Nikajiambia, Lwitiko, kumbe semina imefanya kazi, na kumbe wewe ni mwalimu. Vumbi la pumba likanikaba nikakohoa mara mbili tatu, ila sauti ya mashine ilinificha. Baada ya kama nusu saa Cornelia aliingia stoo, akaweka kigoda karibu na magoti yangu, akatoka bila kutazama upande wangu.

Nilikaa. Magoti yalikuwa yananiuma.

Siku ya kuondoka nikawapa amri za mwisho. "Msinipigie simu. Hata mashine ikiwaka moto msinipigie, zimeni moto."

"Ndiyo, afande," wakasema wote.

Beda akanyoosha mkono. "Tukishauzima tukupigie?"

"Msinipigie."

Mbeya kulikuwa na baridi, lakini baridi ya Sumbawanga imenizoesha. Daktari wa kule alinipima muda mrefu, mashine hii, mashine ile, tazama huku, tazama kule. Kisha akavuta kiti.

"Mzee, la kushoto tumelichelewa. Limekwisha. Tutaifanya operesheni kwa ajili ya la kulia, maana nalo limeanza. La kulia tutaliokoa."

"La kushoto halirudi?"

"Halirudi. Ungekuja ulipoambiwa, saa hizi ungekuwa nayo yote mawili."

Nikamwambia nilikuwa na kazi. Akauliza ni kazi gani hiyo isiyo na msaidizi. Nikamweleza habari za mashine, na za watu sita ambao kila asubuhi lazima waambiwe wawashe. Akatikisa kichwa. Akasema pole, kuna watu wengine ni mzigo kweli. Nikakubali, na kwa kweli kukubali kule kulinipa nafuu. Nilikuwa nimepata wa kumlaumu. Halafu nikaenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kusaini fomu.

Operesheni ilikwenda vizuri. Nikakaa kwa Brightness na bandeji, bila vumbi, bila kuinama, bila kubeba. Na bila simu. Siku ya kwanza hawakupiga, nikasema ni nidhamu. Siku ya nne nikamwambia Brightness aangalie kama simu ina mtandao.

"Ina mtandao, baba."

"Angalia tena."

Siku ya tisa nikampigia Suma, nikamwomba apite pale mashine kama kwa bahati tu, asiseme nimemtuma. Jioni akapiga.

"Nimepita. Inalia."

"Inalia vipi?"

"Inalia kama mashine, Baba Brightness. Wewe lala."

Sikulala. Nilijua kuna jambo wananificha. Watu wasioweza kuamua kuwasha mashine hawawezi kukaa siku tisa bila kuniuliza. Labda wameshaunguza mota. Labda Abel ameshalitumbukiza gari mtoni na sasa wanachangishana. Nilitunga majanga mengi, na ukweli ni kwamba kila janga lilinituliza kidogo. Daktari aliponiruhusu nilipanda basi la asubuhi, na saa nane mchana nilishuka stendi na kwenda moja kwa moja kazini na begi langu.

Mashine ilikuwa inalia. Mizani ilikuwa imehamishiwa mlango wa pili, na foleni iliyokuwa ikiziba barabara miaka saba sasa ilikuwa inaingilia huku na kutokea kule. Viroba vilikuwa vimepangwa juu ya mbao, havigusi sakafu. Cornelia aliniona kwanza. Akaja, akapokea begi, akaniamkia kwa mikono miwili kama wafanyavyo watu wa kwao, akaniuliza habari za safari, za Mbeya, za Brightness, za baridi ya huko. Wengine wakaja, pole afande, karibu afande. Walifurahi kuniona. Hilo siwezi kuwasingizia.

Nikaenda kwa Beda. Nilisikia mlio wa mota si ule ninaoujua. Ulikuwa mzuri zaidi.

"Umefanya nini hapa?"

"Beringi ilikufa, afande. Abel akaifuata Tunduma, tukasimama siku moja, nikaifunga."

"Nani alikufundisha kufunga beringi?"

Beda akaona aibu. "Hii ni ya nne, afande."

"Ya nne? Hizo tatu zilifungwa lini?"

"Miaka iliyopita. Ulikuwepo. Ulikuwa umesimama hapo unatuamuru."

Nilijaribu kukumbuka nilichokuwa naamuru. Nilikumbuka sauti tu.

Nikamwita Cornelia tukakaa kwenye benchi nje, upande usio na vumbi. Nikamuuliza bila kuzunguka. "Tangu lini mnaweza kuiendesha hii mashine bila mimi?"

Alitazama barabara. Mfipa ukimuuliza jambo zito hakujibu papo hapo, kwanza analipa nafasi.

"Tangu mwaka wa kwanza, afande. Nusu yake, tuseme."

"Na maswali yote yale?"

"Ni heshima," akasema. "Kwetu siku ya kulima kwa pamoja, watu wakishafika na majembe, wanamwendea mwenye shamba wanamuuliza, tuanzie wapi. Kila mtu anajua mnaanzia wapi, mnaanzia pale pale kila mwaka. Lakini huwezi kuinua jembe kwenye shamba la mtu mzima kabla hujamuuliza. Utakuwa umemwambia hayupo." "Babu yangu macho yalikwisha kabisa, na bado tulimuuliza. Anaelekeza upande wa barabara, tunasema ndiyo babu, tunakwenda kuanzia upande wa mto. Alikuwa anafurahi siku nzima."

Miaka saba. Mimi nilidhani nawabeba, kumbe ni wao waliokuwa wananipokea, kila asubuhi, kwa zamu.

"Na nilipowaambia msiniulize?"

"Ulituambia kwa ukali, tukaona umekasirika. Mtu akikasirika ndiyo unazidisha heshima."

"Cornelia," nikasema, "jicho la kushoto limekufa."

Akageuka kunitazama.

"Lilitakiwa kufanyiwa operesheni miaka miwili iliyopita. Sikwenda kwa sababu nilijua nikiondoka mtashindwa. Mngeniambia siku moja tu, afande nenda, sisi tunaweza, ningekuwa nalo."

Sikupandisha sauti. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini sikumhurumia, nilitaka limuume. Na lilimuuma. Alichukua ncha ya kitenge akajifuta uso, akakaa hivyo muda mrefu, na ndani mashine ikaendelea kulia.

"Ulituambia ni kijambo kidogo," akasema mwishowe. "Ukasema huwezi kutuacha. Tukaona anatupenda huyu mzee, hawezi kukaa mbali nasi. Sasa mtu amekwambia hawezi kukuacha, utamjibu nenda, hatukuhitaji?"

Nilimtafutia kosa nikalikosa, na nimezoea kuyapata. Angesema vile ningemfukuza kazi. Tulilijua wote wawili, na yeye kwa adabu hakulisema.

"Msiniulize tena," nikamwambia. "Waambie wote. Si amri. Nawaomba."

"Sawa, afande."

Asubuhi yake niliingia saa moja kamili. Mashine ilikuwa imeshawashwa. Cornelia anapima, Abel anapakia, foleni inakwenda. Wakanisalimia vizuri, wakarudi kwenye kazi zao. Nikakaa kwenye benchi. Sijawahi kukaa hivyo tangu nizaliwe, hata lindoni nilikuwa natembea. Ikafika saa mbili, ikafika saa tatu. Mteja mmoja alinisogelea, nikasimama, kumbe alikuwa anataka kupita. Nilikuwa nimepata kile kile nilichokipigania wiki saba, kile kile cha kwenye cheti, na nasema wazi kwamba kiliniuma kuliko operesheni. Nilijua kila kitu kinakwenda sawa na sikukipenda hata kimoja.

Saa nne Beda alitoka ndani akasimama mbele yangu.

"Afande, chekeche limechakaa. Nilibadilishe?"

Nikamtazama kwa jicho lililobaki. "Wewe unaonaje?"

"Nimeshalibadilisha, afande. Tangu saa mbili."

"Basi unauliza nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Nimeona umekaa tu," akasema.

Nikamwambia alibadilishe.

"Ndiyo, afande," akasema, akarudi ndani.